Shanga za Minza

Nilipokuwa mtoto kule Itilima, maumivu ya mwili wangu yalikuwa na mwenyewe: Minza, mama yake babu, aliyekufa kabla sijazaliwa na kuniachia jina lake. Msimu wa kuchuma pamba, mabega, mgongo na nyonga viliniuma kwa pamoja, hata kanga ikinigusa nilitaka kulia. Mayu, yaani mama yangu, alinisikiliza, akasema, "Minza anadai. Aliyekupa jina akisahauliwa, hukaa mwilini."

Akanifunga shanga nyeupe mkononi, akaniambia wazee wameshazitambikia. Nisishike jembe wala ndoo. Nikapelekwa kulala kwa bibi, karibu na moto. Jioni bibi alinikanda kwa maji ya moto, tukalala mapema, na asubuhi tukatembea polepole hadi lamboni kuangalia ng'ombe wakinywa. Jamani, nilipata nafuu! Siku zile niliamini kwamba wafu wananipenda, na mama yangu zaidi, maana alikuwa ameniamini.

Nikarudi nyumbani mbio kumwonyesha. Yeye na shangazi walikuwa ndani wanachambua pamba, nikasikia sauti zao kabla sijaingia.

"Shanga nilinunua mnadani," Mayu alikuwa anasema. "Hakuna mzee aliyezigusa. Nilitaka kumpima tu, na nasikia ameshapona. Mgonjwa wa kweli apone kwa shanga za mnadani? Mvivu huyo."

Shangazi alicheka hadi akapaliwa. Kesho yake nilikuwa shambani, na maumivu yakarudi. Sikumwambia mtu tena.

Juzijuzi daktari mmoja wa Bariadi aliyapa jina: fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima. Akasema hakuna dawa moja ya kuimaliza. Nitembee kidogo kila siku, nilale vya kutosha, nijikande kwa maji ya moto, na siku yenye nafuu nisijitwishe kazi zote. Nilimpelekea Mayu habari hiyo, nikidhani uzee umemlainisha.

"Ile ya utotoni?" akasema. "Si ulipona kwa shanga?"

Wafu sina ugomvi nao, hawakunidanganya. Aliyenidanganya yu hai, tena bado nampenda, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mazoezi yananisaidia kweli. Ziko asubuhi naamka mwepesi kabisa. Lakini nikienda kwake asubuhi kama hizo, naingia uani nikichechemea, mwanamke mzima mwenye watoto, ili asije akaniona nimepona.