Mdhamini Aliyebaki Kwenye Orodha

Juzi nilipanga foleni kwenye ofisi moja ya serikali hapa Mwanza, nyuma ya mama mtu mzima aliyetoka Buhongwa. Alileta karatasi za wadhamini wa zahanati yao. Kuna tajiri anakitaka kiwanja chao ajenge kituo cha mafuta, nao walihitaji waraka wa kuthibitisha kwamba wadhamini ni wao.

Karani alimwamkia, akapitisha kidole kwenye orodha ya majina, kidole kikasimama katikati.

"Mama, sahihi ya huyu mzee iko wapi?"

"Tulimzika mwaka juzi."

"Mbona jina lake bado lipo?"

"Mwanangu, shamba ilipojengwa zahanati lilikuwa lake, akalitoa. Nani kati yetu angeshika kalamu amkate?"

"Kwenye faili hili bado yu hai, mama. Bila sahihi yake waraka hautoki."

Akamsogezea fomu ya mabadiliko. Mama akaijaza taratibu. Alipofika penye "sababu ya kujiuzulu", akaandika: "Hakujiuzulu. Amefariki akiwa mdhamini wetu." Karani akasoma mara mbili, akagonga muhuri.

Tunadhani kumwacha marehemu kwenye orodha ni kumheshimu. Kumbe tunamwachia zamu ya kulinda shamba, na hawezi tena kuamka.

"Anayefuata!"

Aliyefuata ni mimi. Mkononi nilikuwa na hati ya nyumba yetu, yenye jina la baba, ambaye huu ni mwaka wa saba namwita marehemu. Nikampisha aliyekuwa nyuma yangu.