Siki ya Mabibo

Kanzu moja nyeupe na thumni moja: hiyo ndiyo gharama yote ya kutaka kumrudisha mke wangu. Alikuwa amerudi kwao Mbekenyera, nami nimebaki Nachingwea nikisonga ugali wa watu wawili na kula nusu. Ijumaa nilipanga kumfuata, nikamwombe msamaha mbele ya wazazi wake.

Kanzu ilikuwa imefubaa kwa sabuni. Dobi akaniambia, "Isuuze kwa siki, itang'aa." Mwenye duka alitaka shilingi nzima kwa chupa. Nikabishana naye mpaka akachoka, kisha nikanunua maji yaliyochacha ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, kwa thumni tu, nusu ya bei yake. Kuchacha ni kuchacha, nikajiambia.

Kwetu kila mtoto huvuliwa shati kabla ya kupewa bibo, maana doa lake halitoki. Mimi nilikumbuka bei tu. Kanzu ilipokauka juani, ilijaa mabaka ya kahawia.

Bibi jirani akachungulia uani. "Mjukuu wangu, umeifua au umeinywesha chai?"

Nikacheka naye, kicheko kikaisha mapema. Kanzu nyingine sikuwa nayo.

"Bibi," nikamwambia, "nishauri. Niende nayo hivihivi, au nikae Ijumaa nyingine peke yangu?"