Mlango Tuliomfungia Baba

Nikisikia harufu ya samadi mbichi iliyochanganywa na majivu, mpaka leo mwili unanisisimka. Wengine hukumbuka zizi. Mimi nakumbuka mlango wetu wa Issenye, na baba akiwa nje yake.

Baba alikuwa mwalimu, kahamishiwa huko kutoka Songea. Nyumba tuliyopewa ilikuwa na mlango mmoja, na chini yake uwazi ambao kuku alipita akiinama. Tuliucheka uwazi huo mpaka upepo ulipoingia kwa jirani yetu, Mama Bhoke, ukang'oa mabati yake na kuyatupa kwenye mihogo.

Wiki chache baadaye, siku moja, mawingu yalijikusanya mchana, meusi tii. Baba alikuwa ametoka na baiskeli kumtafutia mdogo wangu, Neema, dawa ya kifua. Mama Bhoke akaja mbio na karai la samadi na majivu.

"Mama Zawadi, ziba sasa! Upepo ukishaingia chini, unabeba bati lote. Na huyo mtoto na kifua chake, atalala wapi?"

Mama alitazama barabara, kisha akamtazama Neema aliyekuwa akihema kwa shida. Akafunga mlango. Tulipaka samadi pembeni, tukashindilia gunia chini, mimi huku nalia kwa hasira. Gunia lilikuwa fupi. Upepo ulipofika ukapiga mluzi pale palipobaki wazi, na bati likaanza kurukaruka juu yetu.

Kisha mlango ukagongwa. Nikalikimbilia komeo, mama akanikamata mkono.

"Msifungue!" Baba alipaza sauti. "Nimefika. Msifungue!"

Kitu kizito kikaegemea mlango kwa nje, chini kabisa, pale penye uwazi. Mluzi ukakoma. Mvua ya mawe ikashuka, na mama akakaa chini, mgongo kwenye mbao zile zile, Neema kifuani.

"Baba Zawadi, bado upo?"

"Nipo."

Aliuliza tena na tena. Kuna wakati jibu lilichelewa, nikamwona mama akiuma kanga yake.

Mvua ilipokatika tulibandua samadi. Baba aliingia na uso umevimba, dawa ikiwa kavu kwapani.

"Mmeziba vizuri," akasema, "ila mnanuka."

Sikucheka. Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba mama alimfungia baba nje kwenye mvua ya mawe. Sasa nina wanangu, na ninajua kwamba mlango ule waliuziba wote wawili, mama kwa ndani, baba kwa nje.