Ijumaa kwa Mama wa Kitaliano, Tabora

Bibi yangu aliacha kula tulipohamia kijijini. Nasema kijijini kwa sababu kule tulikotoka serikali haikupaita kijiji, ingawa sisi tulipaita nyumbani. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilipofika upande wetu wa njia ya Sikonge, lori lilikuja asubuhi tukaambiwa tupakie. Mimi nilifurahi, sitaficha. Tuliahidiwa bomba, shule, zahanati na duka la ushirika, na kichwani mwangu nilikuwa nimeshafungua hoteli yangu pale, yenye vitambaa mezani na redio inayoimba kutwa. Bibi alipakia mikeka, vyungu na kuku. Alipotaka kupandisha jiwe lake la kusagia, mgambo mmoja alicheka, akasema, "Bibi, mawe yamejaa hata huko. Halafu huko mtaletewa mashine." Jiwe likabaki mlangoni. Mtama nao ulibaki kwenye kihenge, maana lori lilikuwa limejaa.

Kule nyumbani, kabla mtu hajatia tonge kinywani, bibi alimega kipande kidogo cha ugali akakipeleka kwenye kijumba cha nyasi nyuma ya nyumba, kijumba kisichozidi kimo cha goti. Alikuwa akiwalisha wafu wetu. Kulikuwa na fungu la mama yangu, aliyefariki nikiwa bado nanyonya. Kulikuwa na fungu la babu. Na kulikuwa na fungu la babu yake yeye bibi, aliyekuwa mpagazi, akabeba pembe za ndovu kwenda pwani na hakurudi. Hakuna aliyejua alianguka wapi katika njia ile ndefu. Bibi alikuwa akisema huyo ndiye mwenye njaa kuliko wote, kwa sababu hana hata kaburi la kukaa.

Kijijini tulipewa unga wa njano, ule wa msaada. Jioni ya kwanza bibi alimega kipande, akasimama mlangoni nacho, akatazama nyumba zilizopangwa mstari kama wanafunzi kwenye gwaride. Kisha akarudi akakiweka kwenye sahani.

"Mbona hupeleki, bibi?"

"Nimpelekee nani? Hapa hakuna mtu."

Tulikuwa watu wengi kuliko tuliowahi kukaa nao maishani, lakini nilimwelewa. Tangu hapo akawa anakunywa maji na uji kidogo. Alikonda mpaka bangili ikawa inampanda kiwikoni. Mganga wa zahanati alimpima, akanivuta pembeni. "Huyu haumwi kitu ninachokijua," alisema. "Lakini akiendelea hivi hamalizi kiangazi. Nenda Tabora, kwenye duka kubwa la dawa, uulize dawa ya hamu ya kula."

Ndivyo nilivyofika Tabora, Ijumaa moja ya vumbi, juu ya lori la tumbaku. Nilikuwa na ndoo ya asali ya kuuza na kibuyu cha maziwa mgando cha kunisaidia njiani. Asali iliuzika, dawa niliipata: chupa ya maji mekundu yenye harufu ya pipi. Dereva aliniambia tungerudi kesho asubuhi, nimkute karibu na stesheni. Basi nikashuka kwa miguu kuelekea stesheni, jua likiwa linainama, nikipita ile barabara ya zamani waliyopita wapagazi. Siku nyingine ningekuwa naimba. Siku ile nilitembea kandokando, maana nilihisi naweza kumkanyaga mtu wetu.

Harufu ndiyo iliyonisimamisha. Vitunguu, siki, na kitu kinachokaangwa polepole kwenye mafuta. Ilitoka kwenye nyumba ya bati, ukuta mmoja tu kutoka kwenye reli. Mlangoni alisimama mama wa kizungu, mzee, mfupi, kitambaa kichwani, mikono yote imejaa unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama unakula, ingia sasa hivi. Jua likizama Sabato yetu inaingia, siwashi moto tena mpaka kesho usiku."

Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora kabisa, ila maneno aliyavuta mwishoni kama anayaimba. Ndani kulikuwa na meza tatu. Moja, karibu na dirisha la relini, ilikuwa imepambwa vizuri kuliko zote: kitambaa cheupe, sahani tatu zenye ukingo wa buluu, vinara viwili vya mishumaa. Nami mtu wa kuota hoteli, nikaenda moja kwa moja kwenye ile nzuri. Nilikuwa nimeshavuta kiti.

"Hapo pana watu," sauti ilisema.

Alikuwa mzee mwenye kofia ya kufuma, amekaa meza ya kona na kikombe cha kahawa. Baadaye nilijua ni fundi cherehani wa mtaa uleule, na kwamba hula pale kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini kuswali magharibi.

"Wako wapi?" nilimuuliza.

"Kaa hapa na mimi, binti. Viti vya hapa havina ubishi."

Nikakaa. Mama yule alikuwa jikoni, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo niliona kila kitu. Alikuwa akimalizia kukanda unga wa mkate. Kabla hajausuka, alimega donge dogo, kama la ukubwa wa zeituni, akalishika sekunde chache midomo ikichezacheza, kisha akalitupa motoni. Likachomeka mpaka likawa jeusi. Hakulitazama tena.

Nilijua mkono ule. Nilikuwa nimeuona kila jioni ya maisha yangu.

Treni ilipiga honi stesheni. Mama akaacha kila alichokuwa akifanya, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akasubiri. Fundi naye alishusha kikombe. Ilipopita, bati zilipoacha kutetema, ndipo mama akaendelea kusuka mkate.

"Kila treni hivyo hivyo," fundi aliniambia kwa sauti ya chini. "Mwaka wa kwanza nilidhani anaumwa moyo."

Chakula kilikuja kwa vipande vipande. Kwanza biringanya zilizokaangwa zikalazwa kwenye siki na nanaa, zimepoa. Sijawahi kula kitu kichachu na kitamu kwa pamoja namna ile. Fundi aliniangalia. "Usithubutu kumwomba pilipili," alisema. "Mimi niliomba mara moja, akaniambia niende nikashone."

"Na ulikwenda, ukarudi una njaa," mama alijibu kutoka jikoni.

Kisha zikaja tambi nyembamba, nazo baridi, zimechanganywa na yai na ndimu, halafu kuku wa mchuzi wa nyanya. Mama alinieleza bila kuulizwa kwamba ni mapishi ya Wayahudi wa Roma, mtaa aliozaliwa, ng'ambo ya bahari. Nyama huilaza kwenye chumvi kwanza mpaka damu itoke yote. "Mchinjaji wetu wa kweli hayupo hapa," alisema. "Kuku huyu amechinjwa na mtu wa msikitini. Damu imemwagika chini. Mungu anajua Tabora iko wapi, ataelewa."

"Asipoelewa tutamwandikia," fundi alisema.

Nilikuwa nimefurahi mpaka nikataka kurudisha wema. Kwetu mgeni hakai na chake mfukoni wenyeji wanapomlisha. Nikatoa kibuyu changu, nikakitingisha, nikakiinua nimmiminie mama maziwa mgando pembeni ya kuku wake, maana naye alikuwa ameketi sasa, na sahani yake mbele.

Mkono wake ulinidaka kiwiko. Haukuwa na nguvu nyingi lakini ulikuwa na haraka.

"Si na nyama."

Niliona aibu. Nilidhani ameona kibuyu kichafu, na kibuyu kile nilikifukiza moshi mwenyewe. "Ni safi, mama," nilisema. "Ni ya ng'ombe wa mjomba."

"Ni safi sana. Lakini maziwa na nyama hatuviweki meza moja."

"Mimi nilimletea samli," fundi alisema. "Siku ya kwanza. Kopo zima. Alinitazama kana kwamba nimeleta nyoka."

"Lakini kwetu," nilisema, "mtu akikataa maziwa yako maana yake hakupendi."

Mama alikiweka kibuyu dirishani, taratibu kama anamlaza mtoto. "Kesho asubuhi, nyama ikiwa imekwisha tumboni, tutakunywa wote wawili. Nakuahidi. Utalala hapa jikoni, pana joto."

Nilipaswa kunyamaza, ila mimi sinyamazi. "Nani aliyekukataza, mama?"

"Mama yangu."

"Na hapa nani atakuona?"

Alielekeza kidevu kwenye meza ya dirishani, zile sahani tatu. Ndipo nilipoona kwamba kila sahani ilikuwa na kipande kimoja cha biringanya.

Fundi alivaa kanzu yake ya juu, akaaga. Jua lilikuwa limegusa mabati ya stesheni. Mama aliwasha mishumaa miwili ya nta, nta yetu ya Sikonge, niliijua kwa harufu, akafunika macho kwa viganja. Alipoyafunua aliongea taratibu, akiangalia moto. Mama yake na dada zake wawili. Yeye na mume wake, aliyekuwa fundi wa mashine, walitoroka mapema wakaja huku. Wale walibaki kusubiri mambo yatulie. Asubuhi moja ya vita askari wa Kijerumani walipita nyumba kwa nyumba mtaani kwao, wakawakusanya Wayahudi, wakawapeleka stesheni, wakawapakia. Treni ikaondoka, hawakurudi. Hakuna kaburi. Mume wake amezikwa Tabora, huyo humpelekea maua. Lakini hao watatu?

"Sahani hizi si dini," alisema. "Dini yetu ina donge la motoni na mishumaa. Sahani ni zangu mwenyewe."

Nilimwambia habari za bibi. Nilimwambia habari za mpagazi. Alisikiliza bila kusogeza hata uma. Halafu nikamuuliza swali ambalo ndilo lililonileta Tabora, ingawa asubuhi ile nilidhani nimefuata chupa.

"Mama, walijuaje njia ya kuja huku? Ni mbali. Hawajawahi kufika."

"Sijui kama waliijua. Miaka ya kwanza nilipika chakula cha huku, ugali, mchicha, nikaweka sahani. Nyumba ilikuwa tupu. Mtu unajua nyumba ikiwa tupu. Halafu nikapata mbegu za biringanya kwa Mhindi wa sokoni, nikapika kama mama. Ile harufu, jioni ile..." Aligeuza shingo kidogo kuelekea dirishani, namna mtu anavyogeuka akisikia hodi. "Ninachojua nilipika chakula wanachokijua."

Sikulala vizuri. Mishumaa ilijimalizia yenyewe, maana hakuna wa kuizima. Mara mbili treni zilipita, na mara zote mbili nilisikia kitanda chake kikilia, akikaa kitako. Mara ya pili ilipotulia nilisikia kiti kikivutwa kule kwenye meza. Nilijiambia ni panya. Mimi ni mtu wa furaha, napenda kujiambia mambo.

Asubuhi tulikunywa maziwa kwenye vikombe vyake vya maziwa, ambavyo ni vingine kabisa, vina kabati lao. Alimaliza chake chote akafuta midomo. "Msalimie bibi," alisema.

Nilipofika kijijini bibi alikuwa amelala akitazama ukuta. Nilimpa dawa, aliilamba, akasema ni tamu, akarudisha kijiko. Basi nikamsimulia. Donge la motoni. Kuku na maziwa. Sahani tatu. Nilipofika kwenye biringanya, alinikatiza.

"Mpaka alipopika cha kwao?"

"Ndivyo alivyosema."

Bibi alijiinua kwa kiwiko. Kisha akatazama gunia la unga wa njano kwa jicho baya sana. "Na mimi nilikuwa nawalaumu wao kwa kutotufuata."

Kesho yake niliazima baiskeli nikaenda mahameni, kule nyumbani tulikohamishwa. Nyumba zetu zilikuwa hazina paa, milango imeng'olewa, majani yameota mpaka jikoni. Kijumba cha nyuma ya nyumba kilikuwa kimelala upande. Nilitoa salamu kwa sauti, "Mwangaluka," kama tunavyosalimia asubuhi kwa Kinyamwezi, na nilifanya hivyo haraka ili nisisubiri kuitikiwa. Kihenge kilikuwa kimeliwa na mchwa upande mmoja, lakini mtama wa chini ulikuwa mzima. Nikajaza mfuko. Jiwe la kusagia lilikuwa palepale mlangoni, na katikati yake, pale mikono ya bibi na mama yake bibi ilipochimba bonde, maji ya umande yalikuwa yamejaa. Nikayamwaga, nikalifunga kwenye kiti cha nyuma kwa kamba za gome.

Njia nzima niliongea. Niliwaelekeza: hapa tunakata kulia, hapa pana mchanga, kijiji ni kile chenye bati linalong'aa. Kwa yule mpagazi niliongea zaidi, maana yeye ndiye asiyejua njia. Baiskeli ilikuwa nzito kuliko jiwe na mtama. Kwenye mlima ilinibidi nishuke, nikasukuma, na sikutazama nyuma.

Bibi alisaga mwenyewe. Nilitaka kumsaidia, akanipiga kofi mkononi. Lile jiwe lilipoanza kunguruma, majirani walitoka nje, na mmoja akauliza kama mashine imeletwa. Ugali ulipoiva, mwekundu, wenye harufu ya moshi wa kwetu, bibi alimega kipande. Hakutoka nje. Alikitia kwenye mafiga, motoni, kama mama wa Kitaliano.

Nikanyoosha mkono nimege changu.

"Subiri," alisema.

Tulikaa. Kibatari kiliyumba, mlango ulikuwa umefungwa. Bibi alikuwa akitazama mlangoni, kisha pembeni yangu, kisha pale mkekani kati yetu.

"Sogea kidogo," aliniambia. "Huyu ametoka mbali."

Nilisogea. Bibi akamega tonge, kubwa, akalichovya kwenye mboga, akala.