Badiliko Lililobeba Jina Langu

Walisema sitaweza. Niliporudi Isiolo na diploma yangu ya kompyuta, wafanyabiashara wa mifugo walinicheka pale kwenye hoteli ya chai Kiwanjani. "Hebu tuambie, Diploma," mmoja akauliza, "hiyo mashine itajua mbuzi wa Oldonyiro na wa Kipsing?"

Ilijua. Niliunda programu ya soko la mifugo, na hakuna mwingine mjini ambaye angeiunda. Haikukubali mauzo yoyote mpaka mdhamini anayemjua muuzaji na alama ya mbuzi wake athibitishe. Kompyuta yenyewe niliipata kwa kuuza mbuzi nilioazimwa na majirani. Mmoja wa majirani hao alikuwa mama wa rafiki yangu, na rafiki huyo nilimfundisha kazi mpaka akawa fundi.

Tulikuwa na sheria: badiliko lolote kwenye programu liandikwe sababu yake, na mwenzako alisome kabla halijaingia. Lakini wote wawili tulitumia akaunti yangu. Kwetu, kumwambia ndugu yako afungue yake ni kumwambia humwamini.

Kisha mchungaji mmoja wa Kipsing akakuta mbuzi wake walioibwa wameuzwa na mgeni, bila mdhamini. Wazee wa soko wakaniita. Nilifungua historia ya mabadiliko mbele yao: sharti la mdhamini lilikuwa limeondolewa, na jina lililoandikwa hapo lilikuwa langu.

"Diploma, umetuuza," mzee mmoja akasema.

Nikamwonyesha saa iliyoandikwa kando ya jina. Badiliko liliingia saa nne asubuhi, siku ya soko la Oldonyiro.

"Saa nne alikuwa na sisi huko," akasema mfanyabiashara yule yule aliyenicheka. "Hakukuwa na mtandao, na yeye anatuhutubia tu kuhusu programu yake. Tulichoka."

Rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Dalali alinisumbua, ndugu," akasema. "Alitaka siku moja tu bila mdhamini."

"Kwa jina langu?"

"Wewe hawangekushuku."

Niliirudisha programu ilivyokuwa na kazi ikaendelea. Baadaye, siku niliyomaliza kuwalipa wote walioniazima, mbuzi kwa mbuzi, wa mwisho nilimpelekea mama wa rafiki yangu. Alimpapasa mgongo.

"Huyu amenona kuliko yule niliyekupa."

"Mimi silipi kwa mbuzi aliyekonda, Mama."

Akacheka. "Na mwanangu, bado mnafanya kazi pamoja?"

"Sasa kila mtu ana akaunti yake," nikamjibu, nikamkabidhi kamba.