Kifua cha Jumatatu

Baba yangu alikuwa mzima kila Alhamisi. Hilo ndilo lililotuponza.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha pamba nje kidogo ya mji wa Busia, katika chumba cha mashine zinazotenganisha nyuzi na mbegu. Pamba ililetwa kutoka Sigalame, kutoka Moding, na nyingine, watu wakisema kwa sauti ya chini, ilivuka mpaka kutoka Uganda. Ndani ya chumba kile vumbi jeupe lilitanda hewani kutwa nzima. Siku za kazi alilala hukohuko; Jumamosi jioni alipanda baiskeli akaja nyumbani kwetu karibu na Malaba, nyusi zimejaa nyuzi, nasi watoto tukamtania kwamba amezeeka njiani.

Jumapili alikwenda kanisani, akala, akalala mchana. Jumatatu alirudi kazini, na kabla jua halijatua kifua kilikuwa kimembana hata wenzake wakamtoa nje kumkalisha ukutani. Jumanne alipata nafuu. Kufikia Alhamisi alikuwa akipiga mluzi. Wiki iliyofuata mambo yakawa yaleyale, na iliyofuata vilevile.

Nyanya, mama yake baba, alipiga hesabu zake. Mwanawe akiwa kazini anapona, akilala nyumbani siku moja anaugua. Basi ugonjwa uko nyumbani. Na nyumbani kulikuwa na nani kama si mama yangu? Shangazi zangu, ambao hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote, kwa hili walikubaliana papo hapo.

Mama akahamishiwa jikoni kulala, na chakula cha baba kikawa kinapikwa na nyanya. Jumatatu ikafika, kifua kikabana. Ndipo ikaamuliwa baba asije nyumbani kabisa. Akaomba kazi ya kufagia kiwanda siku za Jumapili, akawa analala hukohuko juu ya marobota ya pamba. Na kweli, Jumatatu zake zikawa nyepesi. Nyanya alitembea kijiji kizima na habari hiyo. Nilimchukia kwa tabasamu lake la siku zile, na sijamaliza kumchukia.

Miaka mingi baadaye, nikisomea uuguzi, nilifundishwa kwamba vumbi la pamba ndivyo lilivyo. Mapafu yakipumzika siku moja kisha yakutane nalo tena, njia za hewa hujibana. Yakilivuta kila siku bila kupumzika, yanaacha kulalamika, lakini yanaendelea kuharibika kimyakimya. Baba hakuwa amepona. Kule juu ya marobota alikuwa akijimaliza.

Msimu wa pamba uliisha, kikohozi hakikuisha. Hakuweza kutoka mlangoni hadi chooni bila kusimama na kushika ua. Daktari wa Busia akamwandikia aende hospitali kubwa Nakuru, nasi tukapanda treni pale Malaba: baba, nyanya, mimi, na mama, aliyehitajika kwa kubeba mizigo na kufua.

Mpaka Eldoret baba alijikaza. Baada ya hapo reli inapanda kuelekea Timboroa, na hewa ya huko juu ni hafifu. Mwenye mapafu mazima husikia tu baridi na uchovu kidogo. Baba alianza kuvuta pumzi kwa mabega. Midomo ikageuka rangi ya zambarau iliyoiva. Mama, ambaye msimu mzima hakuruhusiwa kumgusa, aliacha mizigo, akaketi nyuma yake na kumwegemeza kifuani mwake ili akae wima. Alifanya sawasawa, ndivyo ningefanya mimi leo. Lakini treni ilizidi kupanda, na baba akazidi kulemewa mikononi mwake.

Nyanya alimgeukia mama.

"Mwachilie," akasema. "Wewe mama, mwachilie mtoto wangu apumue."

Mama akamtazama baba, akingoja aseme neno. Baba hakuwa na pumzi ya kusema neno. Alikuwa na mkono, na kwa mkono huo akamsukuma.

Mama alikwenda kukaa mwisho wa behewa, karibu na choo. Si muda mrefu treni ikapita kilele, ikaanza kuteremka kuelekea Nakuru. Hewa ikarudi kuwa nzito kidogo kidogo, na baba naye akarudi. Alikunywa chai ya abiria mmoja, akaitisha nyingine. Nyanya akalia kwa furaha, akawaeleza watu wa behewa zima walichokwisha kukiona kwa macho yao. Hakuna aliyembishia, na wengine walisogeza watoto wao mbali na mama.

Hospitalini daktari alimuuliza baba kazi yake. Aliposikia ni pamba, akatueleza wazi: vumbi ndilo lililoharibu mapafu, na ule mwinuko wa Timboroa ndio uliombana ndani ya treni. Nyanya alimsikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni. Kisha daktari akasema mgonjwa atahitaji mtu wa kumwinua na kumwegemeza kila anapolala, akauliza mkewe yuko wapi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, blanketi la baba limekunjwa mkononi. Baba alimwona.

"Mimi sina bibi, daktari," akasema, na aliyasema yote kwa pumzi moja, bila kukohoa.