Tiki Niliyoichora kwa Mkono Wangu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi niliwaruhusu kina mama sita waingie kwenye mikorosho yenye tembo.

Niliwaruhusu kwa simu. Mimi niko zangu Nachingwea mjini, nimekaa kwenye kiti, nakunywa chai na chapati.

Na aliyekaribia kufa siku ile ni mama yangu mzazi.

Najua mtanisema. Nisemeni tu. Mwenyewe nimejisema mpaka nimechoka. Ila nimeona bora niandike, maana humu mtandaoni kuna wenzangu mnatengeneza vitu vya simu, na mnajiamini vilevile nilivyokuwa najiamini mimi.

Naitwa Amna. Nina kisteshenari changu Nachingwea. Natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watu fomu. Wateja wakipungua natengeneza kurasa za mtandaoni. Nilijifundisha mwenyewe, na niwe mkweli, nilikuwa najisikia sana.

Kwetu hasa ni Ruangwa, kata ya Likunja.

Kule tembo sio wa kwenye picha. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yakianza kudondoka tu, hao. Na msimu huohuo ndio watu wanaingia shambani kuokota korosho. Kwa hiyo mtu na tembo wanakutana chini ya mkorosho mmoja, kila mmoja kafuata chake. Jirani yetu mmoja alitoka asubuhi na ndoo yake, mchana tukamrudisha kwenye mkeka.

Baada ya msiba ule ndipo nikatengeneza ukurasa. Nikauita Tembo Leo.

Kazi yake nyepesi. Kila kitongoji kina mtoa taarifa mmoja. Akiona tembo, au nyayo mpya, anaandika na kubonyeza tuma. Wenzake wakifungua wanakuta nyekundu, hawaendi shamba. Kama hakuna taarifa, wanakuta kijani. Wanaenda.

Mtoa taarifa wa upande wetu alikuwa mama, Bi Biasha. Nyumba yake ndiyo ya mwisho. Ukitoka jikoni kwake, hatua thelathini uko kwenye mikorosho.

Sasa sikilizeni vizuri hapa.

Kwa mama mtandao unashika sehemu moja tu, kwenye msumari wa nguzo ya jiko. Ukitaka kumtumia mtu meseji, unaiandika popote, hata kitandani. Unabonyeza tuma. Halafu unaitia simu kwenye kimfuko, unaitundika pale msumarini, unaenda kuteka maji. Ukirudi unakuta imeshatoka yenyewe. Kijiji kizima wanaishi hivyo, kila nyumba ina msumari wake.

Mimi nimekulia chini ya msumari ule. Kumbukeni hilo.

Siku nauzindua ule ukurasa nilimwonyesha Modest. Modest anatengeneza simu kibanda cha pili kutoka kwangu, mpole, ila akianza kuuliza maswali unaweza ukamfunga mdomo kwa soltepu.

Akaishika simu, akaigeuza geuza.

"Amna, huu si ukurasa wa mtandao? Mbona umeuvalisha sura ya meseji?"

Kweli nilikuwa nimeuvalisha. Viboksi vya maneno vilevile. Rangi zilezile. Ule mlio wa meseji kuondoka, fyuu, nao nikauweka. Ile anwani ya juu nikaificha kabisa. Ungeapa ni aplikesheni iliyokuja na simu.

"Ndio uzuri wake," nikamwambia. "Mama yangu ukurasa haujui. Meseji anaijua. Nikimpa vitufe vya ajabu ajabu hatagusa."

"Hapo sikatai. Lakini akiona meseji ataitegemea kama meseji. Huu wako unafanya yote ambayo meseji inafanya?"

"Unafanya."

"Mtandao ukikata je?"

"Modest, sema tu una wivu."

Akacheka, akanirudishia simu. Akaniuliza swali la mwisho. "Na hii tiki, mbona inatokea hata kabla ujumbe haujafika?"

Nikamweleza kwa madaha. Mwanzo kwenye majaribio tiki ilikuwa inachelewa, watu wanadhani simu imeganda, wanabonyeza mara tatu. Nikaona huo ni ushamba. Nikaichora itokee palepale kidole kinapoinuka. Chapuchapu, kama vitu vya wakubwa.

"Mh," akasema Modest. Basi.

Wazee walivyoupenda sasa! Mama alijifunza kwa dakika tano. Akawa anawatambia wenzake, "Katengeneza Amna wangu." Nami nikavimba kichwa.

Twende kwenye siku yenyewe. Katikati ya Novemba, Jumanne.

Saa mbili na dakika kumi simu yangu ikaita. Shangazi Kulthumu, anayekaa kule barabarani ambako mtandao sio shida.

"Amna, hujambo mama?"

"Sijambo shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Hebu niangalizie hicho kitu chako, simu yangu imeisha bando. Tuko sita hapa na ndoo zetu. Ila kuna mavi ya tembo njiani, mimi naona kama ya leo."

Nikafungua. Kijani.

"Nendeni shangazi. Mama angekuwa ameona kitu angeandika. Hayo mavi ya juzi hayo."

"Una hakika?"

"Shangazi! Kijani hicho hapa naangalia."

"Haya mwanangu. Kama umesema wewe."

Nikamalizia chapati yangu.

Saa tatu na robo ikaingia simu ya Swalehe, kijana wa bodaboda wa palepale Likunja. Nyuma yake watu wanapiga makelele na madebe.

"Dada Amna, njoo! Tembo wameingia kwenye mikorosho, saba! Kina mama wamepanda juu ya miti, na mama yako yumo huko ndani, hatumwoni!"

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Swalehe acha masihara, mbona hapa ni kijani?"

Wallahi nilimjibu hivyo. Mtu ananiambia tembo wako mbele ya macho yake, mimi nabishana naye kwa rangi niliyoipaka mwenyewe.

"Dada, kijani gani? Nakwambia nawaona!"

Ikakatika.

Nikajikuta nimekaa chini, karatasi za wateja zimenimwagikia. Modest akaja mbio, akaniangalia usoni mara moja tu, akakimbilia pikipiki yake.

Ile njia ya Nachingwea kwenda Ruangwa naijua kona kwa kona, lakini siku ile ilirefuka. Vumbi linanijaa kinywani. Mkono mmoja nimemng'ang'ania Modest, mkono mwingine nimeshika simu.

Nampigia mama. Inaita tu.

Nampigia shangazi. Inaita, haipokelewi.

Naufungua ukurasa. Kijani. Naufunga, naufungua tena. Kijani kileee, kizuri, kinang'aa, na chini yake nimeandika kwa mkono wangu, "Leo ni salama, kazi njema."

Nikaanza kulia kwa sauti. Modest akaongeza mwendo, hakunikumbusha swali lake hata moja. Ningekuwa mimi ningesema.

Tulipofika, askari wa wanyamapori walikuwa wametangulia. Risasi zinapigwa hewani, pa, pa. Tembo walikuwa wanasogea taratibu kuelekea bondeni, hawana haraka kabisa, masikio yanapepea. Mabibo yamepondwa chini, yananuka uraka, ile pombe ya mabibo, mpaka kichwa kinauma. Ndoo zimekanyagwa zimekuwa bapa.

Kina mama wakaanza kushuka mitini mmoja mmoja. Nikawahesabu. Sita wote. Shangazi Kulthumu aliponiona aligeuza uso pembeni, hakunisalimia.

"Mama yuko wapi?"

Mmoja wao akainama kuokota ndoo yake.

"Shangazi, mama yangu yuko wapi?"

"Alikuja anakimbia," akasema, bado hanitazami. "Anatupungia mikono, anapiga kelele turudi. Tulipomsikia tu, na wao wakatokea. Sisi tukapanda. Yeye alikuwa bado yuko chini."

Mbele kidogo tukaiona kanga yake. Imekanyagwa, imezama kwenye tope la mabibo. Nikaiinua. Ikanidondoka mara mbili.

Nikaita, "Mama!" Nikaita tena.

Modest ndiye aliyesikia mguno. Ulitoka kwenye shimo la zamani la kufyatulia matofali, lililofunikwa na majani. Nikainama, na huko chini nikaona macho mawili yananitazama kutoka kwenye uso uliojaa udongo mwekundu.

Alikuwa hai. Mguu wa kulia umevunjika, umekaa vibaya mpaka nikashindwa kuuangalia.

Wakati tunamtoa alikuwa anazungumza Kimwera kitupu, mfululizo, Kiswahili kilikuwa kimemtoka chote. Nilichoshika ni kwamba alitumbukia akikimbia, na tembo mmoja akaja kusimama juu ya shimo. Akateremsha mkonga. Akamnusa kichwani, taratibu, kama mtu anayekagua mzigo. Mama akaziba pumzi. Udongo ukawa unamdondokea machoni na hakupepesa. Hajui ilikuwa muda gani.

Tulimfikisha hospitali ya misheni. Akafungwa plasta ndefu mpaka kwenye paja.

Siku mbili sikuthubutu kumuuliza. Nilikuwa na jibu langu kichwani, tena jibu baya. Nilisema moyoni, huyu mama hakuangalia mapema. Aliwaona wameshaingia ndio akakimbia. Uzembe wake karibu uue watu. Naam, nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda chake, namlisha uji, na kimoyomoyo namlaumu.

Siku ya tatu akanishika mkono.

"Amna, mwanangu, nisamehe."

Nikaweka bakuli la uji chini.

"Nikusamehe nini mama?"

"Labda nilibonyeza vibaya."

"Ulibonyeza nini?"

"Niliwaona saa kumi na mbili, nimetoka kuwasha moto. Saba. Nikaandika kama ulivyonifundisha. Ikalia fyuu. Nikaona na tiki. Nikaitundika msumarini, nikashukuru Mungu. Halafu nasikia sauti za kina Kulthumu wanaingia shamba. Nikasema, mbona hawa wanaenda na ujumbe umefika? Nikasema labda hawajasoma. Ndio nikakimbia." Akafikicha macho. "Macho yangu mabaya siku hizi. Na kidole changu kizito. Nimekuharibia kitu chako."

Simu yake ilikuwa kwenye kikapu. Nikaifungua. Ujumbe haukuwepo, ulishafutika zamani, maana ukurasa ukilala haubaki na kitu. Meseji ya kweli ingesubiri pale msumarini mpaka mtandao ushike, itoke. Wa kwangu ulikuwa na sura ya meseji, sauti ya meseji, tiki ya meseji. Kusubiri haukujua. Alipobonyeza hapakuwa na mtandao, ujumbe ukafa palepale, na mimi nikampa tiki.

Yeye kukimbia kuelekea tembo, na mguu ule, vyote vilitokana na tiki niliyoichora ili nionekane mjanja mbele ya Modest.

Nikapiga magoti pale wodini, watu wanatuangalia. "Mama, hukukosea. Kidole chako hakina shida. Nimekosea mimi."

Akanipapasa kichwani. "Haya, haya. Usilie."

Nikamwambia na shangazi Kulthumu ukweli, kwamba hata ile kijani niliyomwapia ilikuwa maana yake "sina habari." Alinisema maneno ambayo siyaandiki humu. Nilistahili.

Ukurasa nimeutengeneza upya, nikiwa na Modest pembeni, na safari hii maswali yake yote nimeyajibu. Sura ya meseji nimeiacha, kwa sababu bila sura ile mama asingeandika chochote tangu mwanzo, na hilo nitabishana na yeyote. Lakini tiki sasa haitokei mpaka ujumbe umefika kweli. Ukikwama, unabaki pale na maandishi makubwa mekundu, BADO HAUJATOKA, na mtandao ukishika unaondoka. Kijani nayo inakuja pale tu mtoa taarifa akiandika kwamba ameangalia na hajaona kitu. Asipoandika, wanakuta kijivu, na neno moja tu: hatujui.

Wenzangu mnaotengeneza, igeni sura mnayoitaka. Lakini mkishaiga, jiulizeni mtu wa kule msumarini atategemea nini akiiona, na hicho kiwepo. Kama hakipo, mwambieni wazi hakipo.

Mwezi uliopita nilienda Likunja kumwona mama. Anatembelea fimbo sasa. Asubuhi nikamkuta anaandika taarifa yake ya nyayo mpya, pole pole. Tiki ikatokea, ile ya kweli. Akaitundika simu.

Halafu akachukua debe na mwiko, akaanza kuchechemea kuelekea njia ya kina Kulthumu, analipiga huku anaita.

Nikamkimbilia. "Mama, si imefika? Tiki hiyo hapo, safari hii ni ya ukweli, nakuapia."

"Najua mwanangu," akasema, hakusimama. "Ila isije ikawa nimebonyeza vibaya tena."